Siku Niliyompeleka Shosho Kuuona Mugumo wa Westlands

Simu ya Shosho, mama wa mama yangu, iliniamsha kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Novemba 2020, na kwa vile ule ulikuwa mwaka wa korona, moyo ulinienda mbio kabla sijaipokea. "Wameuacha," akasema, bila hata kunijulia hali. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Rais Uhuru Kenyatta ameagiza mugumo, yaani mtini mkubwa, wa barabara ya Waiyaki Way, pale Westlands jijini Nairobi, usikatwe, na kwamba barabara mpya ya juu, ile ya kilomita 27 itokayo Mlolongo, ijengwe bila kuugusa. Shosho alitaka kuuona kwa macho yake mwenyewe, na alitaka nimpeleke Jumamosi hiyo hiyo.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa kwamba mti huo ungeng'olewa na kupandwa mahali pengine. Habari hiyo ilinikosesha usingizi, kwa sababu kila nilipojaribu kuwaza mti wenye kimo cha jengo la ghorofa nne, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100, ukining'inizwa hewani na mizizi yake imekatwa, sikuona namna ambavyo ungeweza kupona. Watetezi wa mazingira walikuwa wamepiga kelele, na kwa mara moja hii kelele hizo zilisikika.

Niliogopa kumtoa Shosho nyumbani. Alikuwa na miaka 80, na kila siku jioni tulisomewa idadi ya waliofariki. Lakini nilipofika kwake Kikuyu nilimkuta ameshajifunga leso, amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na kijichupa cha sanitaiza amekishika mkononi kama tikiti. Tulipanda matatu ambayo, kwa masharti ya wakati ule, ilikuwa imeacha viti vitupu kati ya abiria. Njiani alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, ingawa nimekula chakula chake maisha yangu yote: kwamba baada ya uhuru alikuwa akileta mboga Westlands, akipita barabara hiyo hiyo ambayo leo ina jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyewapinga Waingereza, na kwamba jua lilipomzidi alitua mzigo wake chini ya mugumo ule. Mama yangu, akiwa mtoto mchanga, alilazwa pale juu ya gunia.

Tuliposhuka, Shosho hakuukaribia mti mara moja. Alisimama ng'ambo kwa muda, akiutazama kutoka chini hadi juu, huku malori ya mchanga yakipita kati yetu na mti na kututimulia vumbi. Kisha tukavuka. Kufika kivulini ni kama kuingia kwenye nyumba ya mawe wakati wa mchana: ngozi huhisi ubaridi kabla macho hayajazoea. Kelele za magari zilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na kelele nyingine, ya ndege waliokuwa wakila matunda na kuyaangusha mengine.

Nilinyoosha mkono nichume jani. Shosho akanishika kifundo cha mkono. "Huu hauchumwi, mwanangu. Kilichoanguka ndicho chako." Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada, chini yake wazee walitoa sadaka wakielekea Mlima Kenya, na kuukata ulikuwa mwiko. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyekulia Nyeri, naye alikatazwa na mama yake kuokota kuni kwenye mti wa aina hiyo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Katazo hilo nililijua tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nililisikia kwenye kifundo cha mkono wangu.

Basi Shosho akainama, akaokota tunda moja lililoanguka, dogo kama gololi, akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani mlikuwa na rangi ya waridi na punje nyingi zilizobanana, na katikati yake kijidudu cheusi, chembamba kuliko uzi wa kushonea, kikajikokota hadi ukingoni mwa ukucha, kikakung'uta mabawa, kikaruka. Ni nyigu wa mtini. Mti na nyigu hao hawatengani: maua ya mugumo yamefichwa ndani ya tunda, na ni nyigu peke yake awezaye kuingia na kuyachavusha, naye hana mahali pengine pa kutagia mayai. Mugumo wenyewe mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, mbegu ikiwa imeletwa na ndege, kisha huteremsha mizizi taratibu mpaka iguse ardhi. Kwa hiyo kilichosemwa kwamba kingehamishwa hakikuwa shina na matawi tu. Sijui kama aliyechora mpango ule aliwahi kupasua tunda hata moja.

Shosho alinikumbusha simulizi ya Mugo wa Kibiro, mtabiri aliyesema kwamba utawala wa Waingereza ungekwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Yasimuliwa kuwa wakoloni waliuzungushia ukingo ili usianguke, na ukaanguka. "Walijua nguvu ya mti," akasema. Aliweka kiganja kwenye shina, akafumba macho, akasema maneno machache kwa Kikuyu ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa hakuyasema kwa ajili yangu.

Tungerudi nyumbani hapo, ningekuwa na kumbukumbu ya furaha tupu. Lakini Shosho alitaka kunyoosha miguu, tukatembea kidogo kando ya barabara kuelekea mjini, na hatukufika mbali kabla ya kukuta visiki. Vilikuwa vibichi, vyeupe, na unga wa msumeno ulikuwa umetapakaa kwenye majani. Msimu ule ndio wa jakaranda, na maua ya zambarau yalikuwa bado yamelala juu ya lami, chini ya mahali ambapo hapakuwa tena na matawi. Nilikuwa nimepita pale miaka mingi. Nilijaribu kukumbuka miti ile ilikuwa mingapi, ilisimamaje, na nikashindwa.

"Na hii ilikuwa ya nani?" Shosho akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Jakaranda ni mgeni, aliletwa kutoka Amerika Kusini enzi za ukoloni; hakuna mzee aliyewahi kuomba chini yake, na hakuna redio iliyotaja jina lake wiki ile. Nilifurahi kwa mugumo, na ninafurahi hadi leo, lakini niliona aibu kwamba mti ambao haukuwa na wa kuusimulia uliondoka hata bila kuhesabiwa, nami nikiwa miongoni mwa waliokuwa wakifaidi kivuli chake.

Kwenye matatu ya kurudi Shosho aliomba kiti cha dirishani. Hakuzungumza. Tulipokaribia Kangemi niliona barakoa yake ikitikisika kidogo, kana kwamba anasali, nikamgusa bega nikamuuliza kama amechoka.

"Usinikatize," akasema, macho yake yakiwa bado nje. "Nimefika arobaini na moja."