Nilivyoituliza gari yangu kwenye kona kwa kubadili stabilaiza ya nyuma

Gari yangu ni ya kawaida tu, injini mbele, inavutwa na matairi ya mbele, haina turbo wala mbwembwe. Tabu yake ilikuwa kona. Ukiingia na mwendo kidogo tu bodi inalala mpaka abiria anatafuta pa kushika, halafu pua inagoma, unazidi kukata usukani na gari yenyewe inazidi kwenda nje ya kona. Kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake, huyu weka springi fupi, yule weka matairi mapana, mwingine akaniambia funga stabilaiza nene mbele maana huko ndio kwenye uzito. Hiyo ya mwisho ilinifanya nikae chini niisome hii kitu vizuri kwanza.

Kwa asiyeijua, stabilaiza ni ile fimbo ya chuma iliyopinda umbo la U, katikati imebanwa kwenye bodi au chasi na bushi mbili za raba, ncha zake zimeshikwa na vile vilinki vidogo vinavyoiunga na tairi la kulia na la kushoto. Matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja fimbo inazunguka tu ndani ya bushi, haina kazi. Kazi inaanza pale tairi moja linapanda na jingine linashuka, kama kwenye kona, hapo fimbo inasokotwa na yenyewe inajaribu kujinyoosha, ndio bodi inaacha kulala sana. Kwahiyo ni springi kabisa, ila kwenye tuta la kunyooka huioni.

Sasa hapa ndio wengi wanapitiliza. Stabilaiza haizuii uzito kuhamia upande wa nje, uzito utahama tu kulingana na mwendo wako kwenye kona, uzito wa gari ulivyokaa juu na matairi yalivyoachana kwa upana. Stabilaiza inaamua mbele na nyuma nani abebe sehemu kubwa ya huo uzito unaohama. Na tairi lina tabia moja, ukiliongezea mzigo gripu (nguvu ya kushika barabara) inaongezeka lakini haiendi sawa na mzigo, mzigo ukiwa mara mbili gripu haifiki mara mbili, kwahiyo ule upande (mbele au nyuma) ambao tairi la nje limelemewa sana na la ndani limebaki jepesi, jumla yake unapoteza gripu. Ukikaza mbele, pua inazidi kugoma. Ukikaza nyuma, nyuma inapoteza kidogo na mbele inapumua. Yangu ilikuwa inagoma mbele, basi jibu liko nyuma, kinyume kabisa na niliyoambiwa. (Kuna magari ambayo yakilala sana tairi la mbele linakanyaga kwa ukingo wa nje tu, hayo kukaza mbele kunaweza kusaidia, kwahiyo yule jamaa hakuwa mjinga.)

Kabla ya kununua chochote niliingia chini. Linki ya mbele kushoto ilikuwa inacheza, ukiitikisa kwa mkono inalia tak tak, na ndio ile sauti niliyokuwa naisikia nikipita polepole kwenye vishimo vidogo vidogo. Linki ikilegea fimbo inasubiri ule uwazi uishe kwanza ndio ianze kusokotwa, yaani unaingia kona gari inalala kidogo bila kizuizi halafu inashtuka. Nikabadili linki zote za mbele pamoja na bushi, na hapo tu nusu ya ile tabu ikaisha. Ukizifungua ujiandae, ile bolti ya linki inazunguka pamoja na nati, lazima uishike kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) huku spana iko kwenye nati.

Nyuma ilikuwa na fimbo ya milimita 16, nikaweka ya 19. Mtu anaona milimita 3 ni nini, lakini ugumu wa fimbo unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne, piga hesabu 19 kwa 16 unapata karibu mara mbili ya ugumu wa zamani. Hiyo hesabu ndio ilinizuia kuchukua iliyo nene zaidi. Hii mpya ina matundu mawili kila ncha, tundu la ndani linafupisha mkono wa fimbo kwahiyo inakuwa ngumu zaidi, la nje ni laini.

Kufunga sio kazi, ila inua nyuma pande zote mbili kwa usawa na uweke stendi, ukiinua upande mmoja fimbo inakuja imesokotwa na matundu hayakutani, utatukana bure. Bushi zake zilikuwa za poliurethani, aina ya plastiki ngumu hivi, sio raba, hizo zinataka grisi ya silikoni la sivyo zinapiga kelele kama kitanda kibovu. Nikikaza mabano nahakikisha fimbo bado inazunguka kwa mkono kabla sijafunga linki.

Nilianza na tundu la nje. Bodi inalala kidogo tu sasa na pua inaingia ninapoielekeza, usukani naukata kidogo kuliko zamani. Nikajaribu tundu la ndani pia, kwenye eneo la wazi, pakavu ilikuwa tamu sana, mvua iliponyesha ukiachia mafuta katikati ya kona nyuma inaanza kutoka. Nikarudisha la nje siku hiyo hiyo, mimi gari naendeshea familia.

Kuna bei yake. Barabara yenye mashimo upande mmoja gari inakutikisa kichwa kulia kushoto, maana pigo la tairi moja sasa linafika mpaka la pili. Ndio maana Jeep Wrangler Rubicon ina swichi ya kuachanisha stabilaiza ya mbele, kwenye mawe unataka kila tairi lijitafutie ardhi lenyewe. Mimi sina swichi, kwenye njia mbovu napunguza mwendo. Bolti za mabano nilizikaza tena baada ya kuendesha kidogo, moja ilikuwa imelegea robo mzunguko, tangu hapo zimetulia.