Bahari usiku huenda wapi?

Nimeshuka jana kutoka Milima ya Taita, miguu bado yauma. Wiki mbili za kujitolea kufundisha. Matatu hadi Voi, nyingine mpaka Wundanyi, kisha kwa miguu: udongo mwekundu, ukungu mzito, na sisi watu wa Mombasa tumezoea tambarare! Jumapili tukapanda Vuria, mita 2,208.

Lakini kilichonikaa moyoni ni darasa la nne. Nilibeba makombe ya bahari niliyookota ufukweni Nyali. Binti mmoja akaweka moja sikioni, akanyamaza kitambo kizima, kisha akauliza: "Mwalimu, bahari usiku huenda wapi?" Nikachora mwezi na dunia ubaoni, nikawaeleza maji kujaa na kupwa, mara mbili kwa siku, na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Chaki ikaisha. Nikamalizia kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, nao wamepiga magoti kunizunguka, pumzi zao mkononi mwangu.

Safari ya siku moja tu, na katika darasa lile hakuna aliyewahi kuiona bahari. Natafuta basi la kuwaleta likizo ya Agosti. Mwenye uwezo wa kusaidia, tafadhali aniambie.