Faili lipo, lakini make inasema halipo
Juzi usiku nilikuwa nakompaili programu ya kuchambua takwimu za mvua, kwenye laptopu yangu ya kori 8. Nikaandika make -j8, yaani make, programu inayoendesha hatua za ujenzi, ifanye kazi nane kwa pamoja. Haikupita nusu dakika ikakwama: main.c inalalamika kwamba parser.h halipo. Nikapiga ls kuorodhesha mafaili, faili hilo hapo. Nikaandika make -j8 tena, ikaenda mpaka mwisho bila neno.

Wengi hapo hufunga kazi, au hurudia kwa -j1, kazi moja moja. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mwenzangu ninayejenga naye programu hii alikuwa akikwama karibu kila mara.

Nikafuta vyote vilivyojengwa kwa make clean, nikaendesha make -j8 -O. Hiyo -O hukusanya maneno ya kila kazi mahali pamoja, la sivyo kosa linazikwa katikati ya makelele ya kazi nyingine saba. Ndipo nikaelewa. Kazi moja ikifeli, make haizikatizi zile zilizokwisha kuanza, inazingoja. Kwa hiyo main.c ilifeli wakati bison, programu inayotengeneza parser.c na parser.h kutoka parser.y, bado inaandika parser.h, na mimi nilipopiga ls, bison ilikuwa imeshamaliza.

Kosa lilikuwa ndani ya Makefile, faili la maagizo ya make: hakuna palipoandikwa kwamba main.o, yaani main.c iliyokompailiwa, inahitaji parser.h. Kwa -j1 mambo yalikwenda kwa sababu tu parser.o imetangulia kwenye orodha, na make hufuata orodha kutoka kushoto. Nikaongeza mstari mmoja:

main.o: parser.h

Kulikuwa na la pili, baya zaidi. Kanuni ya «parser.c parser.h: parser.y» make huisoma kama kanuni mbili, hivyo bison inaweza kuendeshwa mara mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikiandika juu ya mwenziwe. Tangu GNU Make 4.3 ya 2020 unaandika &: badala ya : na inaendeshwa mara moja.

(Ukiona kompaila yenyewe imeuawa, hiyo ni habari nyingine. Tazama ujumbe wa mfumo kwa dmesg, huenda RAM imekwisha, punguza hadi -j3.)

Kuhakikisha, nilitumia --shuffle ya toleo la 4.4, inayovuruga mpangilio wa kazi kwa makusudi. Ikifeli hukupa namba ya kurudia mvurugo uleule. Nimeiendesha mara 20 na zote zimepita. Asubuhi mwenzangu alivuta marekebisho, akajenga upya, akaniandikia: «Kaka, imefika mwisho.»