Shangazi yuko Mbezi, jikoni nina makopo

Makopo yale yalikuwa kabatini tangu Desemba. Ofisini kwetu kila mwisho wa mwaka tunapewa kikapu cha sikukuu: mchele, mafuta, biskuti za bati, na makopo ya mboga ambayo sijawahi kusikia mtu akiyaomba. Biskuti hazikufika mwaka mpya. Mchele uliisha Januari. Makopo yakabaki: mawili ya njegere, moja la mboga mchanganyiko, moja la mahindi matamu, moja la nyanya nzima zilizomenywa, na moja la maharage yenye mchuzi wa nyanya. Mke wangu alikuwa akiyasogeza tu akifuta vumbi. "Mtu unakaa Kimara, genge liko mlangoni, njegere za kopo za nini?" Na kweli, sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja Aprili 2024. Waliokuwa Dar masika yale wanayakumbuka. Siku hiyo mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Jangwani kukajaa maji, mwendokasi zikasimama, mke wangu akakwama Kariakoo na nusu ya jiji. Mimi nilikuwa nyumbani, umeme umekatika tangu saa tano, nasikiliza mvua kwenye bati. Saa kumi na nusu jioni simu ikaita.

"Baba, nimeshuka hapa Mbezi stendi. Nipande nini?"

Shangazi yangu, kutoka Singida. Shangazi hatoi taarifa, anatoa hodi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia achukue bajaji na ampe dereva simu nimwelekeze. Mbezi na Kimara si mbali, ila kwa foleni ya mvua nikajipa saa moja. Na mtu aliyekaa kwenye basi tangu alfajiri, tena dada wa baba yako, humpi mkate na mayai.

Nikatoka na mwavuli. Genge lilikuwa limefunikwa turubai, mama mwenyewe keshaondoka. Bucha ndiyo ilikuwa wazi.

"Mchanganyiko?" akaniuliza, kisu tayari kiko mkononi. Ananijua.

"Leo nipe steki. Robo tatu."

"Wageni?"

"Shangazi."

Akapima, akaniongezea kipande bila kusema kitu.

Mchanganyiko una utamu wake, mifupa inatoa mchuzi, lakini ile nyama inataka saa moja na nusu, mbili. Ng'ombe wetu wametembea sana malishoni kabla hawajafika mnada wa Pugu, misuli imekaza. Tena wanachinjwa usiku, asubuhi nyama inaning'inia buchani. Haipati siku kadhaa za kulala kwenye ubaridi ikalainika. Kwa hiyo ukitaka mchuzi wa haraka, uharaka unaanzia buchani: steki isiyo na mfupa wala mishipa mingi. Ukikosea pale, jikoni hutaokoa kitu.

Nilipofika nyumbani nikampigia mke wangu. Simu yake ilikuwa na chaji asilimia nne. Akasema harakaharaka: "Kata nyembamba. Usijaze sufuria. Na mboga ziende mwis..." Ikazima. Nikaelewa ni mwisho.

Kata nyembamba si maneno matupu. Ukiitazama nyama vizuri unaona nyuzi zimelala upande mmoja kama mkeka. Ukikata kufuata nyuzi, kila kipande kinabaki na kamba ndefu za kutafuna. Ukikata kuzikatiza, umeshazifupisha kwa kisu kabla meno hayajafika. Nilikata vipande vya unene wa kidole kidogo, nikatwanga tangawizi mbichi na vitunguu saumu kwenye kinu, nikavipakaza. Tangawizi mbichi inalainisha nyama, kama papai bichi linavyofanya, na wakati inafanya kazi yake mimi nikahamia kwenye makopo.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumbani kwetu hakuna kifungulia kopo. Hakijawahi kuwepo. Moja tu, la nyanya, lilikuwa na pete ya kuvuta. Mengine yote uso mtupu, kama yananicheka. (Kumbe tatizo hili ni la zamani. Kopo la bati lilipata hataza Uingereza mwaka 1810, kifungulio chake kikaja miaka zaidi ya arobaini baadaye. Katikati hapo watu walitumia patasi na nyundo. Sijui kwa nini hilo lilinifariji niliposoma, lakini lilinifariji.)

Kisu niliogopa, nimeshamwona mtu aliyeshonwa kiganja kwa sababu ya kopo la maziwa. Nikakumbuka kitu tulichofanya shule ya bweni. Unaosha kopo, unaligeuza kichwa chini kwenye saruji kavu, unalisugua mbele na nyuma kama mtu anayenoa panga. Nilichuchumaa kibarazani, sehemu ambayo mvua haifiki, nikaanza. Kelele zake zinasumbua meno. Baada ya dakika moja hivi ule ukingo wa juu, pale bati lilipokunjwa kushikilia mfuniko, unaanza kung'aa, unakonda, kisha unaona saruji inalowa alama ya duara: maji ya njegere yanatoka. Hapo simama palepale. Geuza, futa ukingo kwa kitambaa safi chenye maji, halafu libinye kopo ubavuni kwa mikono miwili. Mfuniko unaachia wenyewe. Kopo la kwanza nilisahau kufuta, vumbi la saruji likaingia, nikachota njegere za juu nikazitupa. La pili na la tatu yalitoka safi kama ya dukani.

Lile la mahindi sikulifungua. Mfuniko wake ulikuwa umevimba, ukiubonyeza unarudi juu. Kopo lililovimba halionjwi wala halinuswi ili kuhakikisha; sumu ya vijidudu vinavyoishi mle ndani inaweza isiwe na harufu wala ladha, na kidogo tu kinatosha kumpooza mtu. Nililifunga kwenye mifuko miwili likaenda kwenye taka. Kubonyea kidogo ubavuni sina shida nako, ila pia nalitupa kopo lililobonyea kwenye mshono, lenye kutu iliyokula, au linalovuja.

Gesi, nashukuru, ilikuwepo. Sufuria nzito, mafuta ya alizeti vijiko vitatu, moto mkubwa. Nikaweka nyama kwa mafungu matatu, siyo yote kwa pamoja. Nyama ikirundikana inatoa maji, na ikishatoa maji haikaangiki tena, inachemka, inakuwa na rangi ya kitambaa cha kudekia. Fungu dogo linalia kwenye mafuta, linashika kahawia pande mbili, unalitoa, unaweka lingine. Zile gamba nyeusinyeusi zinazobaki chini ya sufuria usizioshe. Ndizo mchuzi wenyewe.

Vitunguu maji vitatu nikavikaangia humohumo mpaka vikawa rangi ya chai ya maziwa. Bizari ya mchuzi nusu kijiko, halafu kopo la nyanya, nikaziponda kwa mwiko. Nyanya nzima za kopo si ile nyanya nzito ya kukamua tuliyoizoea, hizi zina maji yake, kwa hiyo nikaziacha zikauke mpaka mafuta yakajitenga pembeni. Nyama ikarudi, nikatia chumvi kijiko cha chai kilichojaa, vikombe viwili vya maji ya moto, nikafunika, nikapunguza moto. Dakika ishirini na tano.

Muda huo nikachemsha maji ya ugali, nikapiga deki sebuleni, nikatafuta mishumaa.

Nyama ilipokubali uma, nikamimina kopo la mboga mchanganyiko. Lote. Na maji yake, kwa kuwa nilidhani nitapata mchuzi mwingi. Nikaonja.

Chumvi ilinishika kooni.

Mke wangu angekuwa na asilimia tano ya chaji angeniambia: mboga za kopo nyingi zinakaa kwenye maji ya chumvi, na wewe unaongeza chumvi baada ya kuonja, siyo kabla. Ilikuwa imeshatokea. Nikachota mchuzi vikombe viwili nikaumwaga kwa uchungu, nikarudisha maji ya moto matupu kiasi kilekile. Njegere nikazichuja, nikazisuuza kwenye maji safi mara mbili ndipo nikazitia. Mchuzi sasa ulikuwa na chumvi ya kuvumilika lakini mwepesi kama supu ya hoteli mbovu, kwa hiyo nikachukua njegere vijiko vitatu nikazisaga kwa mgongo wa mwiko kwenye bakuli, nikazikoroga ndani. Ulishika uzito ndani ya dakika mbili. Tangu siku hiyo hilo ndilo nafanya kila mara, hata nisipoharibu kitu.

Mboga za kopo zimeshaiva kiwandani, zimepikwa humohumo kopo likiwa limefungwa. Jikoni kwako zinahitaji kupata moto tu na kunywa mchuzi kidogo, dakika tano. Ukizitia mapema pamoja na nyama, karoti zinayeyuka na njegere zinabaki maganda. Rangi yake pia usiilaumu. Njegere za kopo ni za kijani kilichochoka, hazitakuwa kama za kumenya asubuhi. Nilikamulia ndimu nusu, nikazima. Maharage ya nyanya niliyaacha kabatini, yana sukari, na mimi sukari kwenye mchuzi wa nyama sijaielewa.

Bajaji ilipiga honi saa kumi na mbili kasoro. Shangazi akashuka na dumu la mafuta ya alizeti, kiroba cha karanga, na jogoo aliyelowa ambaye hakufurahishwa na safari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mkeo yuko wapi?"

"Kariakoo, maji yamefunga njia."

"Sasa nani kapika? Nasikia harufu."

Alinawa, akakaa mkekani, akamega ugali. Hakusema kitu kwa tonge tatu nne, na mimi sikuuliza. Halafu akainua njegere moja kwenye kidole, akaisogeza karibu na mshumaa.

"Hizi umezimenya saa ngapi? Na mvua hii?"

"Za kopo, shangazi."

"Za kopo." Akaila. "Lilete nilione."

Nikamletea makopo yote manne, matupu, nimeshayaosha. Akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, akitafuta pa kukata. Hakukuwepo. Akagonga kitako, akapima kina kwa kiganja, akamwaga karanga za kwenye kiroba ndani ya moja mpaka juu, akazirudisha.

Mke wangu aliingia saa nne usiku, miguu imelowa, akakuta mchuzi wake umefunikwa, na makopo manne yamechomekwa moja juu ya jingine kwenye begi la shangazi.

Siku ya kuondoka, shangazi alifungua kabati kuaga jiko, akaliona lile la maharage.

"Na hili," akasema, "mtalila lini?"