Betri za Game Boy, Arusha

Game Boy ya kwanza, ile mashine ya michezo ya mkononi, ya kijivu, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1989, inatumia betri nne za AA zilizolala bega kwa bega. Mpwa wangu alipoipata kwenye mitumba pale Arusha, betri za zamani zilikuwa zimevujia ndani na springi zimeota kijani. Nilizisugua kwa pamba yenye siki, kwani maji ya betri za alkalini huzimuliwa na asidi, kisha nikapitisha spiriti. Siki nayo ikibaki huleta kutu.

"Mjomba, si tuweke betri ya simu tu?"

Betri ya simu ni volti 3.7, haitoshi. Mbili za mfululizo zikijaa hufika 8.4, nazo zimezidi. Kipandisha volti kingewezekana, lakini vingi huingiza mvumo kwenye spika, na muziki wa michezo ile ni nusu ya utamu wake. Tukachagua NiMH nne, betri za kuchajiwa upya: volti 4.8, na mashine huzipokea vizuri.

Nilinunua za uwezo wa miliampea-saa 2000 zenye masikio ya nikeli, yaani vipande vyembamba vya kuunganishia waya, yaliyopigwa kiwandani. Ukisolda juu ya betri yenyewe, joto huharibu muhuri wa plastiki upande wa chanya. Kabla ya kuziunganisha nilijaza kila moja peke yake, nikaiacha ipumzike, nikaipima. Tatu zilisoma karibu volti 1.36, moja 1.22. Hiyo ikarudi dukani. Kwenye mfululizo, betri dhaifu huisha kwanza, kisha wenzake huendelea kuisukumia umeme kinyume mpaka ife kabisa. Kwangu hatua hii ndiyo inayoamua pakiti itadumu au la.

Ilipopatikana nyingine inayolingana, nilizipanga chanya na hasi zikipishana, nikaunganisha masikio kwa zigizaga, nikaweka fyuzi ya kujirudisha ya ampea 1, nikaziba ncha kwa karatasi ngumu. Bila hivyo, waya mbili zikigusana hapo, ngozi ya waya huyeyuka.

Chaja niliijenga kwa LM317, kipande cha elektroniki cha kurekebisha volti, nikikitumia kama kidhibiti cha mkondo. Hesabu ya mkondo ni volti 1.25 kugawanya kwa ukinzani. Om 6.2 haikupatikana mtaani, nikaweka om 12 mbili sambamba: om 6, miliampea 208. Mkondo mdogo hivyo, sehemu ya kumi tu ya uwezo wa betri, hujaza kwa kama saa 14 bila kuchemsha. Adapta ilikuwa ya volti 12, maana pakiti ikikaribia kujaa hufika 5.8 na LM317 huhitaji nafasi yake juu ya hapo. Kipande cha alumini kilitosha kuipoza.

Kwenye njia ya kutokea niliweka dayodi 1N4001, inayopitisha umeme upande mmoja tu, na usiku ule ule ikaonyesha kazi yake: umeme ulikatika pakiti ikiwa kwenye chaja. Bila dayodi, pakiti ingerudisha chaji yake kupitia LM317. Uliporudi nilijumlisha saa za kabla na za baada. Kuanza kuhesabu upya ni kuzijaza kupita kiasi.

Asubuhi, baada ya kupumzika, pakiti ilisoma volti 5.5. Nilimwonyesha mpwa wangu taa nyekundu ya mashine: kwa NiMH haififii polepole kama kwa betri za kawaida. Hukaa ang'avu muda mrefu, kisha hushuka ghafla. Ikianza tu kufifia, hifadhi mchezo na uzime.