Kura yangu, Biblia yangu na kelele za msimu huu

Mi naenda kupiga kura nikiwa mkristo, naanza na hilo ili nisieleweke vibaya. Wale wanaosema imani uiache nyumbani siku ya uchaguzi siwaelewi kabisa, maana kama kazi yangu naiombea, wanangu nawaombea, mgonjwa wetu akilazwa tunafunga na kuomba, sa hili jambo linalogusa kazi na watoto na wagonjwa wa kila mtu ndo nimuweke Mungu pembeni? Hapana. Ila kuna kitu kinaendelea siku hizi kinaitwa imani na mi naona ni ushabiki tu umevalishwa mistari ya Biblia, na kinaniuma.

Kwenye grupu letu la WhatsApp la maombi kuna dada kaandika kwamba mkristo atakayempigia yule mgombea mwingine achunguze upya wokovu wake. Watu wakamjaza amina. Hakuna aliyemuuliza, dada yangu, hilo umelisoma wapi? Na huyu ni mtu ambaye mtu akifiwa yeye ndo wa kwanza kufika, nampenda kweli, ndo maana ile meseji imenikaa kichwani siku nzima.

Basi nikarudi kusoma Kumbukumbu la Torati 17, kuanzia mstari wa 14, pale Mungu anapowaambia Israeli mkitaka mfalme awe mtu wa namna gani. Ukisoma taratibu unashangaa. Asijiongezee farasi, yaani asiwe na tamaa ya nguvu za kijeshi, na asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya hao farasi, hapo nasimama kila nikisoma, kwamba kiongozi anaweza kuwarudisha watu utumwani kwa sababu ya vitu anavyotaka kuvimiliki yeye. Asijiongezee wake. Asijilimbikizie fedha na dhahabu. Afu ajiandikie nakala ya torati kwenye kitabu na aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Ndugu zake! Mfalme anakumbushwa kwamba wale anaowatawala ni ndugu. Na Yethro, mkwe wake Musa, naye alimwambia Musa kwenye Kutoka 18 atafute watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya dhuluma. Uwezo umetajwa hapohapo na kumcha Mungu, tusiuruke, kujua kuomba jukwaani peke yake hakutoshi kuendesha hospitali na shule za watu.

Sa shida haiko kwenye kujua kipimo, shida ni kukitumia kwa yule unayempenda. Mithali 20:10 inasema vipimo viwili tofauti ni chukizo kwa Bwana, na mi naona uchaguzi ndo unatufunua wakristo hapo. Mgombea wa kule akidanganya tunasema ni baba wa uongo, wetu akidanganya tunasema ah siasa ndo zilivyo. Wa kule akikumbatia wezi ni mwizi, wetu akiwakumbatia ana hekima ya kujenga umoja. Ninachofanya mi nachukua daftari naandika kauli au ahadi ya mgombea bila jina lake, kauli tupu, naiacha mpaka kesho yake, afu naisoma na kujiuliza hii ingetoka upande ule mwingine ningesemaje. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kuna kauli nilikuwa naipenda sana lakini ilipokaa peke yake kwenye karatasi niliona wazi inawadharau watu maskini, na Yakobo 2, inayokataza kumpendelea tajiri na kumdharau maskini, haijaacha nafasi hapo.

Halafu kuna hili la unabii. Kila uchaguzi wanatokea watumishi wanatangaza Mungu ameshaonyesha nani anashinda, na cha ajabu anayeonyeshwa ni yuleyule aliyekaa kiti cha mbele ibada ile. Tusome 1 Wafalme 22 jamani. Ahabu, mfalme wa Israeli, alikuwa na manabii kama 400 hivi, wote wakamwambia panda ukapigane Ramothi-Gileadi, utashinda. Akabaki mmoja, Mikaya mwana wa Imla, na mfalme alishasema wazi huyo namchukia kwa sababu hanitabirii mema. Mikaya akasema ukweli akaishia gerezani na mkate wa shida, Ahabu akaenda vitani akafa. 400 kwa 1, na ukweli ulikuwa kwa yule 1, kwa hiyo wingi wa amina haunitishi.

Na kanisa likijifunga kamba na chama matokeo yake yanajulikana, historia ipo. Ujerumani ya miaka ya 1930 kulikuwa na wakristo wengi tu waliomshangilia Hitler kama mtu aliyeletwa na Mungu, mpaka wachungaji na waumini wengine wakakutana kwenye mji wa Barmen mwezi wa 5 mwaka 1934 wakatoa tamko kwamba Neno la Mungu tunalopaswa kulisikia na kulitii ni Yesu Kristo, hakuna sauti nyingine ya kuwekwa pembeni yake. Ile haikuwa siasa ya chama, ilikuwa kukataa mtu yeyote akae kwenye kiti cha Bwana. Warumi 13 nayo naijua, mamlaka zimewekwa na Mungu, naitii, lakini Paulo yuleyule kwenye Matendo 16 alipigwa bila kuhukumiwa akakataa kutolewa gerezani kimyakimya, akadai wakubwa waje wenyewe. Kuheshimu mamlaka na kuidai haki kwake vilikaa pamoja.

Kitu kilichonisaidia zaidi ya vyote msimu huu ni maneno ya John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliyaandika kwenye shajara yake Oktoba 1774 uchaguzi ukiwa unakaribia Uingereza. Aliwakutanisha waumini wake wenye haki ya kupiga kura akawashauri mambo matatu, wampigie wanayemuona anastahili zaidi bila kuchukua malipo, wasimseme vibaya yule ambaye hawajampigia, na walinde mioyo yao isiwe mikali kwa waliopiga upande mwingine. Basi. Hakuwapa jina la mtu. La kwanza naliweza, la pili najitahidi, la tatu ndo kila siku linanipeleka magotini, maana ukali hauanzii mdomoni, unaanza pale unapoona jina la mtu kwenye simu unajisikia kutompokea kisa chama chake. Yesu alimuita Mathayo aliyekuwa mtoza ushuru chini ya utawala wa Warumi, akamuita na Simoni aliyeitwa Zelote, jina la Wayahudi waliokuwa wakiupinga utawala huo, hao wawili kisiasa ukiwafikiria ni moto na petroli, na aliwaweka kwenye kundi moja la watu 12 wakatembea naye na kula meza moja.

Kwa hiyo kwenye maombi yangu nimeweka wagombea wote kwa majina yao, pamoja na yule ambaye simkubali hata kidogo, 1 Timotheo 2 inasema tuwaombee wote wenye mamlaka na haikuchagua. Dada wa kwenye grupu nitamtafuta ana kwa ana baada ya ibada, mambo haya hayafai kuandikiana. Nafasi mbili nimeshaamua, ya tatu bado, wagombea wawili naona wanakaribiana sana na mmoja wao sijapata sehemu aliyoeleza vizuri atafanya nini kuhusu wazee wasio na mtu wa kuwatunza, kesho nitamsikiliza kwenye mdahalo nikiwa na daftari langu.