Shoti

Saa tano asubuhi taa nyekundu iliyo chini ya mausi ilizimika. Kibodi nayo kimya. Binti wa chuo aliyekuwa kaunta ndiyo kwanza alikuwa amechomeka flashi yake, ana ripoti ya fildi ya kurasa 42 na anatakiwa kuikabidhi kabla ya saa nane. Nikamwambia, "Mdogo wangu, flashi yako ina virusi. Umeniulia mashine."

Akaichomoa haraka, akaniomba radhi, akaondoka kutafuta steshenari nyingine.

Virusi! Mtaani kwetu siku hizi virusi vimechukua nafasi ya jirani mwenye kijicho. Jambo likitushinda tu, ni wao.

Nikahamishia kibodi kwenye matundu ya nyuma. Hola. Nikajaribu mausi ya akiba, ileile hola. Basi nikafanya alichowahi kunifundisha fundi: zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Nilipowasha, ikawaka kidogo ikazimika. Nikarudia, ikazimika tena. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu alfajiri, kwa hiyo akili yangu yote ikawa kwenye waya na soketi, nimeinama chini ya meza na khanga yangu imejaa vumbi.

Mara ya tatu nikachoka kuinama, nikakaa kwenye kiti nikaangalia kioo. Kumbe kulikuwa na maandishi! Kiingereza, herufi nyeupe: kuna kifaa cha USB kinachovuta umeme kupita kiasi, mashine itajizima baada ya sekunde 15 ili kuilinda madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Ilikuwa inaniambia muda wote huo, mimi niko mvunguni.

Nikachomoa kila kitu, hata waya wa printa. Maandishi yakabaki palepale. Kama hakuna kifaa kilichochomekwa na bado umeme unavutwa, basi ubovu umo kwenye tundu lenyewe. Nikamulika matundu ya mbele kwa tochi ya simu. La kulia, kile kilimi cha plastiki kimevunjika. Ndani ya tundu la USB la kawaida kuna vishaba vinne: viwili vya katikati hupitisha data, vya pembeni kimoja huleta umeme wa volti 5 na kingine huurudisha. Hicho kinacholeta kilikuwa kimekunjika mpaka kinagusa bati. Shoti. Na kwenye mashine yangu tundu moja likipiga shoti, yote yanakatiwa.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, maana tundu hilo nalijua. Lina miezi limelegea. Flashi haisomi mpaka uikandamize upande wa kushoto, na kila mteja namwelekeza hivyo hivyo. Leo asubuhi pia nilisema, "Ikandamize kushoto, dada." Naye akaikandamiza.

Matengenezo yenyewe hayakufika dakika kumi. Nilichomoa umeme, nikafungua skrubu mbili, nikaondoa ubavu wa sipiyu. Waya wa matundu ya mbele unaishia kwenye madabodi, kwenye pini 9: safu mbili za tano tano, moja imeachwa makusudi usije ukachomeka kinyume. Nikaung'oa. Nikawasha, maandishi hayakutokea, mausi ikawaka nyekundu yake. Matundu yote mawili ya mbele sina tena mpaka nipate paneli nyingine, lakini ya nyuma yananitosha.

Saa kumi nilikuwa nayaziba kwa solotepu nilipomwona yule binti anapita ng'ambo ya barabara. Nikamwita, akavuka mbiombio, na kabla sijafungua mdomo akaitoa flashi kwenye mkoba kunionyesha.

"Nimeshaifomati yote, dada. Nimefuta kila kitu. Haitakuletea shida tena."